Mechi ya Wasiosalimiana

Ukitaka kukutana na watu wanaojua kila kitu, nenda kwenye benchi lililo nje ya duka la Kinyozi, mchana, jua likishahamia upande wa pili wa barabara. Utamkuta Karani, mstaafu wa ofisi ya posta, na rundo la magazeti ya zamani ya sataranji kwapani. Utamkuta Breki, dereva ambaye lori lake limelala gereji muda mrefu hata watu wameanza kubishana lilikuwa la rangi gani. Breki hajawahi kusogeza kete hata moja maishani mwake, lakini hakuna bingwa wa sataranji asiyekuwa na la kumshauri. Utamkuta Mama Birika, anayeuza kahawa na kugawa ukweli bure. Na Alhamisi moja ungewakuta pia Kinyozi mwenyewe na Fundi Saa, wamekaa wakitazamana, ubao wa sataranji katikati yao, wamefumba midomo kama watu wanaosubiri kung'olewa meno.

Usidhani ni utulivu wa mchezo. Ulikuwa ugomvi. Hawa wawili walikuwa chanda na pete. Binti wa Kinyozi alikua akimwita Fundi Saa Baba Mdogo, na ukimwambia kuwa hawa si ndugu wa tumbo moja atakuona wewe ndiye mwenye matatizo. Kisha siku moja ya mvua Fundi Saa akaonekana akitoka saluni mpya ng'ambo ya barabara, ile yenye vioo kila upande, shingo imenyolewa inang'aa. Alijitetea kwamba aliingia kujikinga mvua, na mtu mzima hawezi kukalia kiti cha watu bure. Kinyozi hakutaka kusikia. Alitamka mbele ya kadamnasi kwamba hata ile saa ya ukutani aliyotengenezewa na Fundi haijasema ukweli tangu irudi kutoka kwake. Fundi Saa akainuka, akaondoka bila kuaga, na salamu zikakatika hapohapo.

Sasa binti anaolewa Jumamosi, na ameapa hatoki chumbani kama Baba Mdogo hayupo. Mama Birika ndiye aliyewakalisha hao wazee wawili na kuwapa sharti: wacheze mechi moja tu. Atakayeshindwa ndiye ataanza kumsemesha mwenzake na kumwomba radhi, na yaishe. Na yeyote atakayemsemesha mwenzake kabla mechi haijaisha, huyo naye atahesabiwa kashindwa. Wote wawili walikubali kwa kutikisa vichwa, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba wa kuomba radhi si yeye.

Mechi ilikuwa imefika mahali pabaya. Kete karibu zote zilikwishaliwa. Kinyozi alibaki na mfalme na askari mmoja, Fundi Saa vilevile. Askari wale wawili walikuwa wamesimama uso kwa uso, hakuna anayeweza kupita. Na kila mfalme alikuwa kando yao, kwa upande wake, akimlinda askari wake huku akimkodolea macho wa mwenzake. Kwenye sataranji hakuna kusema leo sichezi. Ikifika zamu yako lazima usogee, na hapo atakayesogea kwanza amemwacha askari wake aliwe, na wa mwenzake atatembea mpaka mwisho wa ubao ageuke malkia. Kwa kifupi, ambaye zamu ni yake ameshindwa.

Hilo Kinyozi alilijua vizuri. Asilolijua, na ambalo lilikuwa likimtoa jasho hata mahali pasipofikiwa na jua, ni zamu ilikuwa ya nani.

Alikuwa ameitwa dukani kummalizia mteja aliyemwacha na povu kwenye shavu moja. Aliporudi akamkuta Fundi Saa naye ndiyo kwanza anakaa, akitokea kibandani kwake anakotengenezea saa. Je, yeye alimsogeza mfalme kabla ya kuondoka? Alikumbuka vidole vyake vikiwa juu ya kichwa cha mfalme. Lakini alimsogeza, au alimgusa tu akafikiri? Na Fundi Saa, je, alicheza wakati yeye yuko dukani? Zamani wangeulizana na kucheka. Zamani, tena, Fundi Saa angekuwa ameweka kando ya ubao zile saa mbili za mezani alizoziunganisha kwa mkono wake, ukicheza unabonyeza, yako inasimama ya mwenzako inaanza. Saa hizo zingesema zamu ni ya nani. Ila baada ya kuambiwa mbele za watu kwamba saa zake zinasema uongo, Fundi hakuzileta, na nani angemlaumu. Kwa hiyo Kinyozi alikunja uso, akaegemeza kidevu kwenye ngumi, akajifanya anafikiri.

Watazamaji nao wakaanza kazi yao.

— Wamekaa muda gani hawa? aliuliza Mama Birika, akimimina.

— Wacha wakae, alisema Karani. Hii si michezo ya kuparamia. Hapa tunaangalia mambo makubwa. Nawakumbusha mwaka sabini na nane, Karpov na Korchnoi, wanagombania ubingwa wa dunia. Nao walikuwa hawasalimiani. Walifika mahali hata mikono hawapeani.

— Waligombana kwa nini? Saluni?

— Siasa, Mama Birika. Korchnoi alikuwa ameikimbia nchi yao, Karpov ndiye kipenzi cha wakubwa. Basi siku moja Karpov kaletewa maziwa mgando wakati mchezo unaendelea. Upande wa pili wakapeleka malalamiko. Wakasema, maziwa yale yanaweza kuwa ujumbe wa siri. Kwamba rangi fulani maana yake kubali sare, rangi nyingine maana yake shambulia.

Breki aliweka kikombe chini polepole.

— Subiri. Maziwa yanaongea?

— Sijasema yanaongea. Nimesema walihofia.

— Basi na kahawa inaongea, alisema Breki. Mama Birika, mbona kikombe cha Fundi Saa umekiweka na mkono wake umeelekea kulia, na cha Kinyozi kushoto?

— Vikombe vyangu havina mikono, Breki.

Breki alikitazama kikombe chake mwenyewe, akakizungusha, akaona kweli hakina mkono.

— Hiyo ndiyo siri yenyewe, alisema. Mikono umeiondoa lini?

Kinyozi alisikia yote hayo kwa sikio moja. Alimtupia jicho Fundi Saa. Fundi Saa alikuwa ameinama juu ya ubao, miwani imemshuka puani, anaangalia askari wake kwa utulivu wa mtu anayesubiri wengine wajikwae. Ana uhakika yule, Kinyozi alijiambia. Mtu wa namna ile anajua zamu ni ya nani. Basi ni yangu. Halafu akafikiri: au amekaa hivyo kwa sababu ni yake, na anajua ameshindwa? Kichwa kikamzunguka.

— Lakini kulikuwa na kingine, Karani aliendelea, maana mtu huyu ukimfungulia bomba hajui kulifunga. Upande wa Karpov walimleta mtaalamu wa saikolojia, akakaa kule mbele ya watazamaji, kazi yake kumkazia macho Korchnoi. Anamtazama tu, hapepesi. Korchnoi akaja na miwani ya vioo, ili yale macho yarudi yalikotoka.

— Hapo umesema, alidakia Breki. Mtazame Fundi. Ana nini usoni?

— Miwani.

— Na Kinyozi duka lake limejaa nini?

— Vioo, alisema Karani, na uso wake ukaonyesha kwamba hakupenda njia anayopitishwa.

— Haya. Fundi anatazama, macho yanaingia dukani, yanagonga kioo kikubwa kile cha ukutani, yanarudi, yanampiga Kinyozi kisogoni. Ndiyo maana hasogei. Kichwa kimekufa ganzi kwa nyuma. Kinyozi, huhisi baridi kisogoni?

Mkono wa Kinyozi ulipanda wenyewe ukashika kisogo. Breki akawatazama wenzake kwa ushindi.

— Mkono mwingine huu hapa unasema uache ujinga, alisema Mama Birika, akiinua wake. Huyo baba anaumwa roho. Anaozesha binti keshokutwa na rafiki yake amekaa mbele yake kama jiwe.

Maneno hayo yalimchoma Kinyozi kuliko alivyotarajia. Akameza funda la kahawa, ikamwunguza ulimi, akashukuru kupata sababu ya macho yake kujaa maji.

— Turudi kwenye mambo ya msingi, alisema Karani. Mwaka sabini na mbili, Fischer na Spassky. Hapo dunia nzima imesimama. Fischer anakasirikia kamera, mchezo wa pili hatokei kabisa, anapewa ameshindwa. Lakini baadaye anaanza kumpiga Spassky. Watu wa Spassky wakasema, hapana, ukumbini kuna chombo kinamvuruga mtu wetu. Viti vikapigwa picha za eksirei. Taa zikafunguliwa.

— Wakakuta nini?

— Inzi wawili. Wamekufa.

Mama Birika alifunika birika kwa heshima ya hao inzi.

— Hiyo ni njama, alisema Breki. Inzi hawafi wawili kwa mpigo bila sababu. Walikuwa wanajua kitu.

— Breki.

— Nauliza tu. Na huyu je?

Wote wakatazama. Inzi mmoja, mzima kabisa, alikuwa ametua ubaoni. Akatembea hatua chache, akapanda kichwani kwa mfalme wa Kinyozi, akasugua mikono yake.

— Ameelekeza kichwa kwa Fundi, alinong'ona Breki. Anamwambia acheze.

— Anasugua mikono, alisema Karani, ambaye sasa alikuwa amesahau kwamba yeye ndiye msomi wa benchi. Kusugua mikono ni kungoja. Anasema bado mapema.

— Ni inzi, alisema Mama Birika.

Kinyozi alikuwa amemkodolea macho yule inzi kwa matumaini ambayo baadaye angeyaonea aibu. Kama ataruka kuelekea kwa Fundi, alijiambia, basi zamu ni ya Fundi. Inzi akaruka juu moja kwa moja, akapotelea kwenye mwanga. Haikusaidia.

— Mimi nawaambia kuna mtu hapa si mtu, Breki alianza upya. Karani, si ulituambia kuna mashine ilimshinda Kasparov?

— Mwaka tisini na saba. Kompyuta. Kuna hatua moja iliyocheza ikamshtua Kasparov, akashuku kuna binadamu nyuma yake anaisaidia. Ilikuwa hatua ya kibinadamu mno.

— Basi hapa ni kinyume. Binadamu anacheza kama mashine. Fundi Saa ameshika mashine maisha yake yote, zimemwingia. Tazama, anapumua kwa mpigo mmoja tu. Mnasikia? Tiki. Tiki.

— Hiyo ni saa yake ya mkononi.

— Ndivyo wanavyotaka ufikiri.

Fundi Saa alikohoa. Kinyozi aliinua uso haraka. Je, alikohoa kumwashiria acheze? Katika urafiki wao wa zamani kikohozi cha namna ile kilikuwa na maana nyingi: kahawa imepoa, yule mteja wako halipi, tuondoke kabla Breki hajaanza. Leo Kinyozi hakuweza kukisoma. Alihisi uchungu ghafla, uchungu wa kweli, kwamba kuna lugha aliyoijua na sasa imempotea.

— Wanaweza kusimamisha, alisema Karani, na safari hii alisema kwa sauti ya chini. Iliwahi kutokea. Karpov na Kasparov, mwaka themanini na nne, walicheza miezi mitano, sare juu ya sare, hata Karpov akakonda watu wakamwonea huruma. Mwishoni wakubwa wakaivunja mechi. Hakuna mshindi.

— Na watapatana vipi hapa kama hakuna mshindi? aliuliza Mama Birika. Mkivunja, huyu anarudi kwake, na huyu kwake. Jumamosi binti anajifungia chumbani. Nani atakwenda kumtoa, wewe na magazeti yako?

Karani aliyabana magazeti kwapani. Breki ndiye aliyejibu.

— Hamjaelewa bado. Hawa hawajasimama. Wanaendelea. Wanacheza kwa vichwa bila kugusa kete. Karani, si wapo waliocheza hawauangalii ubao?

— Wapo. Wanageuzwa mgongo au kufungwa macho, wanaambiwa hatua kwa mdomo.

— Umeona. Hii tunayoiona ni ya zamani, ilikwisha. Hawa sasa wako mechi ya nne. Kinyozi anaongoza mbili kwa moja.

Kinyozi alijikuta karibu aulize hiyo mbili kaipataje.

Karani alikuwa amefungua gazeti moja, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai, lakini hakuwa akisoma.

— Kulikuwa na mmoja, alisema. Najdorf. Alikuwa amesafiri mbali kwenda mashindanoni, vita ikazuka nyuma yake, nchi yake ikachukuliwa. Akabaki ugenini. Mke, mtoto, wazazi, ndugu, wote kule, na hana njia ya kujua nani yu hai. Basi akafanya jambo. Akacheza na watu arobaini kwa mpigo bila kuangalia ubao hata mmoja. Alisema alitaka habari iandikwe kwenye magazeti ya dunia, labda ndugu mmoja kule aione, ajue yeye yuko, amtafute.

— Wakaiona? aliuliza Mama Birika.

— Hakupata jibu. Hakubaki mtu.

Hata Breki aliangalia viatu vyake. Kinyozi alimtazama Fundi Saa, aliyekaa umbali wa mkono mmoja, mkono ambao usingehitaji hata kunyooka wote. Mtu anacheza mbao arobaini ili sauti yake imfikie nduguye, akafikiri, na mimi nimeshindwa kuuliza neno moja. Akafungua mdomo. Kisha akakumbuka vile Fundi alivyotoka saluni ile, shingo inang'aa, akaufunga. Kichwa chake kilikuwa supu tupu. Hakujua tena kama amekasirika, ana huzuni, au ana njaa.

Ndipo binti mwenyewe alipotokea. Alikuwa amekuja mbio kutoka kwa msusi. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama yenyewe. Aliwaamkia wote shikamooni, wakaitikia marahaba kwa pamoja, wazee wawili wa ubaoni wakiwemo, na kwa sekunde moja sauti zao zikakutana hewani. Alisimama akaangalia ubao. Hajui sataranji huyu mtoto, hajawahi kuipenda.

— Mama Birika kaniambia mnamaliza leo, alisema. Nimekuja kuona. Zamu ya nani?

Karani alifungua kinywa kwa uhakika wa mtu mwenye magazeti, akabaki amekifungua. Akamtazama Breki. Breki, ambaye hajawahi kuulizwa jambo asilolijua, alitazama ubao, akatazama Kinyozi, akatazama Fundi, kisha akatazama juu alikopotelea inzi. Mama Birika alisimamisha birika hewani.

— Si mlikuwa mnaangalia? aliuliza binti.

— Tulikuwa tunachambua, alisema Karani.

— Baba?

Kinyozi alijua kwamba akisema ni yake, ameshindwa. Akisema ni ya Fundi, huenda ni uongo, na uongo mbele ya bibi harusi hakuuweza. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwuliza. Na kumwuliza ni kumsemesha, na kumsemesha ni kushindwa. Alimtazama binti yake, na kile kichwa kilichosukwa nusu, na akahisi kachoka, kachoka kabisa kuwa na haki.

— Fundi, alisema. Ni zamu yako au yangu?

Fundi Saa alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajaona askari wala mfalme kwa muda mrefu.

— Nilidhani wewe ndiye unajua, alisema. Niliporudi kutoka kibandani, nawe ukaja ukakaa, ukakunja uso. Nikasema, anajua.

— Mimi? Mimi nimekuona wewe umetulia nikasema wewe ndiye unajua.

— Natetemeka tangu jua liko kule.

— Kwa nini hukuuliza?

— Na wewe kwa nini hukuuliza?

— Kinyozi kasema kwanza, alidakia Breki. Kashindwa.

— Hapana, alisema Karani, akifunua kurasa kwa haraka. Kauliza kuhusu zamu. Swali kuhusu zamu si mazungumzo, ni utaratibu wa mchezo. Lazima pawe na mwamuzi. Mechi inaendelea.

— Inaendelea vipi na hatujui nani acheze?

— Kwa hiyo tuhesabu hatua tangu mwanzo.

— Nani alianza?

Wakaanza kubishana nani alianza, na hilo nalo hakuna aliyelikumbuka. Wazee wawili hawakuwasikiliza. Fundi Saa alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati, anafuta tu, vioo vilikwishatakata zamani.

— Nilikukosea kule ng'ambo ya barabara, alisema, bila kuinua kichwa.

— Na mimi nilikukosea mbele ya watu, ambako ni kubaya zaidi.

Binti alikuwa amekaa pembeni ya benchi, kashika upande wa kichwa chake ambao haujasukwa. Fundi Saa alivaa miwani.

— Jumamosi ni saa ngapi? aliuliza.

— Saa nne ndiyo wageni wanafika, alisema Kinyozi. Wewe njoo saa mbili.